Maisha ya Kaka Yetu, Mchora Visanduku vya Dawa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutusindikiza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, kwa sababu kati ya watoto wa mama nimebaki mimi peke yangu, na kwa sababu wifi yangu anasema sauti yangu inafika viti vya nyuma bila kipaza sauti. Naomba niseme mapema kwamba naogopa, na mkiniona nimekwama katikati ya sentensi msidhani ni kilio tu, moyo wangu una ugonjwa ule ule uliomchukua yeye, na ukinitaka nipumzike huwa sibishani nao.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Februari 1971, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa mwalimu wa shule ya msingi na dereva wa malori, nami nikamfuata miaka saba baadaye, jambo alilonikumbusha kila tulipogombana, kwamba alikula raha miaka saba kabla sijaja kuiharibu. Alisoma shule aliyofundisha mama, kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari ya bweni, na katika ripoti zake karibu zote walimu waliandika kwamba ana akili ila anachora pembezoni mwa madaftari, na mama alimchapa kwa hilo kuliko kwa kosa lingine lolote. Alijiunga na chuo cha ufamasia Septemba 1991, akahitimu Novemba 1994.

Mama alifariki tarehe 22 Agosti 1996, akiwa na miaka arobaini na tisa, kwenye ngazi za shule, amebeba madaftari ya darasa la nne. Tukaambiwa ni uchovu, nasi tukalikubali neno hilo, tukaishi nalo miaka ishirini na mitatu, tukiamini kwamba watu wa kwetu wanachoka upesi.

Kaka aliajiriwa na kiwanda cha dawa tarehe 9 Januari 1995, kwenye chumba wanakotengeneza vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi la vidonge, na huko alilipwa mshahara kwa kosa alilochapiwa utotoni, yaani kuchora. Mwaka 1998 alichora jua linachomoza kwa dozi ya asubuhi na jua linazama kwa dozi ya jioni, michoro mizuri, tena kila mtu ofisini aliisifia, lakini bibi mmoja aliyaona majua mawili yaliyofanana kama mapacha, akaelewa kwamba kila jua likionekana anywe dozi zote mbili, akalala siku mbili asiamke. Bibi yule alipona, na kaka alikwenda kwake kwa miguu kumwomba radhi, akarudi amejaa hofu ambayo hakuiacha hadi mwisho. Tangu hapo kila alichochora alikuja kwanza kuniuliza mimi ninaona nini, na mimi nilimjibu upuuzi kwa makusudi, naye aliuandika upuuzi wote.

Alihamishiwa kitengo cha usajili wa dawa tarehe 3 Machi 2003. Kwa wasiofahamu, dawa haiuzwi mpaka mamlaka isome jalada la maombi, na jalada hilo ni maelfu ya kurasa zinazoeleza dawa ni nini, ilijaribiwa kwa nani, inasaidia vipi na inadhuru vipi. Jalada lake la kwanza lilirudi na maswali mia moja na kumi na mawili, akakasirika wiki nzima, kisha akagundua kwamba majibu ya maswali tisini yalikuwamo humo humo, ila msomaji angehitaji tochi na mtu wa kumwelekeza. Ndipo akaanza visanduku. Kabla mtu hajaandika ukurasa hata mmoja, alibandika ukutani karatasi kumi, kila moja na kisanduku, ndani yake picha na chini yake sentensi moja, mgonjwa ni nani, anaumwa nini, dawa inaingia wapi, na kadhalika mpaka kisanduku cha mwisho, akawataka madaktari na wanatakwimu wazihadithie picha hizo kwa sauti kama wanamsimulia mtoto. Walimcheka sana, wakamwita Fundi Katuni. Jalada lililofuata lilirudi na maswali kumi na tisa, na jina la Fundi Katuni likabaki, ila sasa lilitamkwa kwa heshima.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 2001 na wifi yangu, fundi wa mapazia, na hata siku hizo, kabla ya visanduku vya kazini, aliichorea kamati ya harusi picha kumi na mbili za shughuli nzima, kuanzia viti hadi muziki, na katika zote kumi na mbili bibi harusi hakuwemo. Wifi amemsamehe mwaka jana tu. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume tarehe 30 Mei 2003 na wa kike tarehe 17 Januari 2008, wote wamepimwa moyo, kijana hana tatizo, na majibu ya binti yanatoka Alhamisi, nitakwenda naye.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Tarehe 11 Juni 2019, baada ya kaka kuishiwa pumzi akibeba boksi la karatasi, daktari wa moyo aliagiza na mimi niitwe, akatupima wote wawili mchana huo huo, akatuonyesha kwenye mashine jinsi msuli wa moyo ulivyonenepa, akasema ni ugonjwa wa kurithi, tukajua mama hakufa kwa uchovu. Kaka aliniambia pale kwenye korido kwamba angalau kwetu kuna kitu kilichofanikiwa kunenepa, nikacheka, halafu nikakaa chini pale pale, akaninunulia soda.

Oktoba 2023 kampuni yake ilipokea dawa ya ugonjwa wetu kuiandalia jalada. Alimwandikia bosi wake kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, hivyo kazi hiyo apewe mtu mwingine, bosi akakataa, akisema hakuna mwingine anayeweza kuisimulia. Mimi nilifurahi mno, nilihesabu miezi kwa vidole, nilijiona nami nikifika uzeeni. Kisha akafika kisanduku cha saba, cha madhara. Ripoti ilisema washiriki wawili kati ya mia mbili na kumi na wanne walijiondoa kwa hiari yao wiki ya tatu, sentensi iliyonyooka, wasomi wote waliisoma ikawapita, lakini kaka alipotaka kuichora alikwama, maana huwezi kumchora mtu anaondoka bila kuamua anaondokaje, anatembea au amebebwa, uso wake umetulia au umekunjamana, na hilo halikuandikwa popote. Akampigia simu muuguzi wa kituo cha utafiti, mama aliyekaribia kustaafu, akamuuliza awachoreje, na yule mama akasema, "Mwanangu, yule dada alitolewa kwa machela. Yule kaka sikumwona tena."

Marehemu alikataa kuweka sahihi kwenye jalada mpaka wawili hao watafutwe. Yule dada alipatikana mwezi Machi mwaka huu, yu mzima, akaeleza kwamba alizimia mara mbili na hakuna aliyemuuliza tena, lakini yule mwanaume alihama nyumba, na mpaka leo hajapatikana. Nami sitaficha, mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimsihi kaka kwa simu, nilimsihi kwa machozi, nilimwambia, "Wachore wanatembea, kaka, nani atajua?" Jumamosi tarehe 20 Julai, akiwa amelala mchana nyumbani kwake na picha zake zimebandikwa ukutani pa chumba cha kulia, nilichukua penseli nikawachora mwenyewe, watu wawili wanatembea, wanacheka. Alipoamka aliitazama picha muda mrefu, akasema miguu yao ni ya korongo, akanipa ufutio. Nilifuta. Nilimchukia siku tatu nzima, na katika hizo tatu sikumjulia hali hata mara moja.

Jumatano tarehe 4 Septemba, akifunga kamba za viatu aende kliniki, moyo wake ulisimama, majirani wakamkimbiza hospitali, na saa tatu na dakika kumi asubuhi daktari akatuambia hatunaye tena. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka mitano, jirani yetu aliyeendesha gari huku amevaa kandambili moja, na wote mlioleta viti, maji na pole zenu. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao bosi wao jana alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kwa heshima ya marehemu jalada litapelekwa Jumatatu, na kisanduku cha saba kitabaki na sentensi ya awali. Nikamwambia asante. Mkuu, asante hiyo naomba unirudishie. Nina miaka arobaini na sita, naitaka dawa hii kuliko mtu yeyote aliyekaa humu, na huenda Alhamisi tukawa wawili tunaoitaka, lakini siwezi kuimeza bila kujua yule mwanaume aliondokaje, wala siwezi kumpa mtoto wa kaka yangu. Mtafuteni kwanza. Asubuhi nilimwonyesha wifi maneno haya, nikamwambia yanaweza kutugharimu, akaniambia, "Yasome yote."

Nimeyasoma. Pumzika kwa amani, kaka. Kuogopa sasa niachie mimi.