Boriti Aliyowaachia Mbayuwayu: Marehemu Renatus Niyokwizera (1971–2024)

Wapendwa waombolezaji, karatasi hii imechapwa na bado hatuamini jina lililoandikwa juu yake.

Renatus alizaliwa Kirushya, wilayani Ngara, tarehe 3 Juni 1971, mtoto wa nne wa Mzee Nyandwi. Alimaliza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1986, akajifunza upakaji rangi. Kuta zilimchosha mapema. Tangu mwaka 1999 alikuwa fundi wa kupaka rangi madaraja ya chuma.

Tarehe 11 Agosti 2001 alifunga ndoa na Uwimana, wakahamia Nyantakara, Biharamulo. Miaka yote hiyo Uwimana aliyaogopa madaraja hayo. Jioni hakutia kitu mdomoni mpaka asikie hodi. "Mama Iteka, nilijifunga mkanda wa usalama," Renatus alikuwa akimwambia huku akicheka.

Oktoba mwaka huu, yeye na wenzake wakikarabati daraja moja, alikuta viota vya mbayuwayu chini ya boriti, vina makinda. Msimamizi, Bwana Bulugu, aliagiza vikwanguliwe.

"Mzee Renatus, ndege nao wasimamishe kazi?"

"Bosi, mimi nina brashi, wao wana watoto. Nani asubiri?"

Bulugu alinuna siku mbili, kisha akakubali. Renatus akaanzia upande wa pili. Chini alitandaza turubai, kutu na rangi kuukuu visidondokee majini, na boriti ile akairuka. Jumatano jioni aliloweka brashi kwenye mafuta ya taa, akamwambia mkewe, "Wanakaribia kuruka. Jumatatu namalizia."

Hakuwa mgonjwa. Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, alikunywa uji, akalalamika kichwa, akaanguka sebuleni. Kituo cha afya walisema ni presha, na kwamba alikwisha fariki njiani. Mtu aliyetembea juu ya mito miaka ishirini na mitano ameanguka kwenye sakafu ya nyumba yake! Tumepigwa na butwaa. Uwimana anarudia neno moja tu: "Hapa hapa nyumbani?"

Jana Minani, fundi mwenzake, alifika msibani.

"Shikamoo mama. Makinda yameruka asubuhi."

Uwimana aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akaitoa ile brashi kwenye kopo, akamkabidhi.

"Jumatatu kamalizie, mwanangu. Ila kabla hujapaka, chungulia kwanza."

Marehemu ameacha mjane, Uwimana. Watoto wawili, Iteka na Novatus. Ndugu watano, na boriti moja bila rangi. Bwana ampokee fundi wetu, ampumzishe kwa amani.