Mzee Ngazi, Mpandaji wa Bango la Bei

Mzee tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Ngazi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1953 katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa tatu.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1967. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu wa hesabu aliandika: "Hakubali jibu mpaka aambiwe limetoka wapi." Ripoti hiyo aliitunza maisha yake yote.

Februari 1974, mafuta yalipokuwa yameadimika dunia nzima, aliajiriwa kujaza magari katika kituo cha mafuta cha njia panda. Kwa kuwa hakuogopa kupanda, alikabidhiwa ngazi na boksi la namba za bati ili abadilishe bei kwenye bango. Madereva wakimwona amebeba ngazi, walishika vichwa.

"Ngazi, leo unatuua tena?"

"Mimi nabandika tu, ndugu yangu. Wauaji wako mbali."

Kisha, huku akijaza tangi, alimweleza dereva yote: vita vimefunga njia ya meli, wachimbaji wa mafuta wamekubaliana kupunguza uchimbaji, pesa yetu imeporomoka, na serikali nayo ina kodi yake kwenye kila lita. "Meli ikichelewa, bei inapanda siku hiyohiyo," alipenda kusema. "Meli ikifika, bei inasubiri kikao."

Mkewe, kabla hawajajuana, alikuwa akiuza mafuta ya taa dirishani kwao, na siku walipokutana alimfuata kituoni kumgombeza kwa sababu bei ilikuwa imepanda tena. "Shuka hapo juu tugombane vizuri!" Alishuka. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na wakajaliwa watoto wanne.

Jumanne, tarehe 3 Juni 2008, bei ilitarajiwa kupanda kesho yake. Mwenye kituo alimwagiza aandike bangoni MAFUTA HAKUNA. Asubuhi ile Mzee mwenyewe alikuwa ametumbukiza fimbo ya kupimia kwenye tangi la kituo, akakuta zaidi ya lita elfu kumi. Alipanda, akaandika kwa chaki: YAPO. TUMEKATAZWA KUUZA MPAKA KESHO. Kabla mwenye kituo hajamaliza chai yake, foleni ilikuwa imezunguka kona. Ikabidi auze kwa bei ya zamani. Jioni akamfukuza Mzee, na kumwambia aondoke na ngazi yake, hataki kuiona.

Mkewe alimkuta mlangoni ameiegemea.

"Wamekuachisha?"

"Wamenishusha."

"Basi ingia ule."

Baadaye aliuza mitungi ya gesi, na kila mtungi aliupima kwenye mizani mbele ya mteja, hata asiyetaka. Aliacha kazi mwaka 2022, mapafu yalipoanza kumsumbua.

Hospitalini swali lake la kila siku lilikuwa moja: "Leo lita bei gani?" Jumanne iliyopita, binti yake mkubwa alimwona amechoka sana, akataka kumfurahisha.

"Imeshuka, baba."

Mzee alimtazama. "Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Bei haibadilishwi Jumanne, mwanangu. Nani kapanda?"

Binti alimshika mkono, akakiri kwamba imepanda.

"Kwa nini?"

Akamweleza, taratibu, kama yeye alivyokuwa akiwaeleza madereva: vita, meli, wachimbaji, pesa yetu, kodi. Hakumficha kitu. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye kodi, alikuwa amelala, na uso wake umetulia.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na ngazi moja iliyoegemea ukuta wa jikoni, ambayo mjane amesema haiondoki.

Ameshuka salama. Apumzike.