Mwalimu Taratibu Hakutubu

Siku ambayo mkwewe alimwona kwa mara ya kwanza, marehemu alikuwa amesimama sebuleni kwake, kitabu kila mkono, anavigombeza vyote viwili. "Wewe mwongo," alikiambia cha kushoto. "Na wewe unanichosha tu." Seremala kijana aliyeitwa kupima ukuta kwa ajili ya rafu alibaki mlangoni na futi yake, hajui apige hodi tena au arudi zake. Marehemu akageuka. "Ingia, Fundi, usiogope. Hivi ni vitabu vya kufafanua Ufunuo. Natafuta kimoja chenye akili." Tangu siku hiyo alimwita Fundi, hata baada ya rafu kumalizika na fundi mwenyewe kurudi kumposa binti wa nyumba ile.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mwalimu Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mshika bendera wa stesheni na mkewe mkunga. Herufi alijifunza kwenye mabehewa yaliyosimama. Yanayokwenda, alikuwa akisema, hayasomeki.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1972 akapata cheti cha ualimu. Alifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ileile aliyosomea mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jina alipewa na watoto. Mtoto akisoma mbio mbio, aligonga dawati kwa kidole: "Taratibu. Neno halina miguu, halitakukimbia."

Mwaka 1976 alifunga ndoa na karani wa posta, baada ya kumfikiria kwa muda mrefu mno. Mumewe, aliyemtangulia mwaka 1998, alipenda kutamba: "Mimi ndiye wa kwanza kuijua hiyo taratibu yake. Wanafunzi walinikuta." Walijaliwa mabinti wawili.

Alipostaafu, wazee wa kanisa walimkabidhi darasa la Biblia la kila Jumatano. Darasa likaamua kusoma Ufunuo, na likahitaji kitabu cha ufafanuzi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wasifu huu hautaruka hapo, ingawa wapo waliotamani uruke.

Marehemu alikuwa na namna yake ya kuchagua. Hakutazama jalada wala unene. Kwanza alifungua palipo na yale makanisa saba yaliyoandikiwa barua. Mfafanuzi aliyeyapita mbio ili amfikie mnyama mwenye pembe, alimweka chini. "Barua utaielewaje kama hutaki kujua aliandikiwa nani, na alikuwa analia nini?" Kisha alifungua karibu na mwisho, pale Mungu anapofuta watu machozi. Mnyama akipewa kurasa tele na machozi yakipewa mstari mmoja, kitabu kilirudi dukani. "Huyu anapenda kutisha," alisema. "Hajafiwa bado." Kwa kipimo hicho alichagua kitabu chembamba, cha jalada la kijivu, kisicho na picha hata moja.

Mwenyekiti wa wazee, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja na chake. Kilikuwa kinene kama tofali, na ndani mna picha ya kukunjua, pana kama shuka: mnyama ana meno ya msumeno, na chini yake umeandikwa mwaka wa mwisho wa dunia. Mwaka wenyewe ulikuwa ule unaofuata. Picha ilitundikwa ukutani, kamati ya wazee ikaikodolea macho, ikapiga kura, na cha mwenyekiti kikapita. Kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua.

Jirani wa marehemu, mshona nguo mwenye watoto watatu, aliyefundishwa na marehemu kusoma, alikaa mbele ya picha ile Jumatano baada ya Jumatano, mwishowe akauza cherehani yake. Marehemu alimkuta amekaa barazani, mikono mitupu.

"Cherehani iko wapi, mwanangu?"

"Nimeuza, Mwalimu. Ya nini tena? Mwaka ujao si tunaondoka?"

Marehemu alirudi ndani kwake akavaa viatu.

Darasani alisimama kabla ya sala ya kufungua. "Mwenyekiti, nimepita dukani kwako. Wanashusha saruji. Vijana wako wameniambia umeagiza na nyingine, ya mwaka ujao. Sasa hiyo unamjengea nani, baba? Mnyama?"

Watu waliangua kicheko mpaka benchi likapinduka. Mwenyekiti hakucheka. Mpaka leo hajajibu, na bila shaka leo, hata hapa nje, amepata kiti cha mbele.

Wiki iliyofuata marehemu alinyang'anywa darasa. Kosa lilitangazwa mbele ya watu wote: eti kwa kitabu chake cha kijivu ameongeza maneno kwenye maandiko, na mwenye kuongeza ataongezewa mapigo. Yule aliyeongeza mwaka mzima ambao haukuandikwa popote, hakuitwa mbele. Yeye ndiye aliyesoma tangazo.

Mwaka uliofuata ulikuja, ukapita kama miaka mingine. Picha iliondolewa kimya kimya, yakabaki matundu ya misumari. Saruji ikauzwa. Hakuna aliyesimama kumwomba Mwalimu radhi, na hakuna aliyemuuliza mshona nguo watoto wanakula nini. Marehemu alimpa cherehani yake mwenyewe, aliyonunuliwa na mumewe. Darasa likahamia sebuleni, chini ya ile rafu, na waliotaka kusoma walikaa hata sakafuni.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi tena wodini. Huko ulifika ujumbe wa wazee, mikono mitupu, mdomoni wana neno.

"Mwalimu, ungetubu tu. Mapigo haya yangeondoka."

"Mapigo ninayopimwa hapa ni ya moyo," alisema, "na nesi anasema ni mazuri. Nipisheni, nasubiri uji."

Walipotoka aligeukia ukuta, na hakuuonja uji ule. Hilo nalo liandikwe. Wanaosema maneno yao hayakumuumiza hawakuwapo.

Alifariki tarehe 14 Juni 2023, Jumatano, siku ya darasa lake.

Juzi mwenyekiti alifika msibani, akamvuta Fundi pembeni, nyuma ya tangi la maji. "Mkwe, kwenye huo wasifu weka kwamba alitubu. Sentensi moja tu. Ibada itakwenda vizuri."

"Na nisipoweka?"

"Basi kanisa halitafunguliwa."

Fundi aliishia darasa la saba, na tangu hapo amezungumza na mbao zaidi ya watu. Lakini hapo akasema, "Hakutubu, mzee. Hakuwa na la kutubia." Ndiyo maana waombolezaji wa leo wamesimama juani, na milango ambayo marehemu alisaidia kuinunulia mbao imefungwa. Anayetafuta mwenye kuongeza na mwenye kupunguza asiangalie jeneza. Aangalie mwenye funguo.

Marehemu ameacha mabinti wawili, wakwe wawili na wajukuu watano. Mdogo wake, dereva mstaafu wa treni. Na mshona nguo, ambaye hakumzaa lakini hatatolewa kwenye orodha hii na mtu yeyote. Ameacha pia rafu iliyojaa, na kitabu cha kijivu kilicholegea mgongo kwa kufunguliwa. Apumzike sasa kwa amani ile aliyonyimwa na watu wake mwenyewe.

Jioni ya mwisho Fundi alikuwa akimsomea kurasa za karibu na mwisho, pale pa machozi. Husoma kwa kujikwaa, na alipoona ya kwake yanamlengalenga, aliongeza mwendo ili amalize haraka. Mkono ukatoka chini ya shuka, kidole kikagonga chuma cha kitanda.

"Taratibu, Fundi. Hapa ndipo wote wanapokimbia."