Kufuli Upande wa Nje

Sogeeni, wanangu, kwa maana sauti yangu haivuki tena chumba hiki, na haya nitakayosema sitaki jirani wa ukuta wa mabati ayasikie kabla yenu. Kevin, kaa hapo penye ndoo. Trizah, umetoka mbali huko Lindi ya Kibera, keti kitandani. Mercyline, mke wa mwanangu, acha hiyo sufuria, wewe ndiye ninayekuhitaji zaidi. Daktari amesema nirudi Jumatano, nami najua Jumatano hiyo si yangu.

Mali yangu haichukui muda. Kibanda cha Laini Saba na mashine ya kuchomelea ni vya Trizah, kwa kuwa ndiye aliyekaa nami kwenye moshi akajifunza kazi, na asije mtu kusema mwanamke hachomelei. Nusu ekari ya Kimilili mgawane nyinyi wawili, na mnizike huko kando ya mama yenu, aliyezikwa kwenye ardhi ya kwao, ikiwa watu wake watakubali. Hilo la kukubali ndilo lililonifanya niwaite.

Tangu mkiwa wadogo niliwaambia kwamba siku chumba chetu cha Lindi kilipoungua, mama yenu Sella alikuwa ameshatoka, kisha akarudi ndani kuchukua vyombo. Trizah, umekua ukisema kwa mzaha kwamba mama alipenda masufuria kuliko wewe, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mungu anisamehe kicheko kile. Mama yenu hakurudi ndani, kwa sababu hakuwahi kutoka. Nilikuwa nimemfungia.

Alikuwa akifua nguo za watu kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na siku moja alirudi akinukia sabuni ambayo sisi hatukuwa nayo. Nikamuuliza ni ya nani. Akacheka, akasema, "Baba Kevin, hiyo ni sabuni ya matajiri. Ukitaka kunukia hivyo, kuja tufue pamoja." Ingekuwa heri ningecheka. Badala yake nikamkataza kazi, kisha nikamkataza kwenda bombani peke yake, kisha nikatengeneza mlango wa chuma kizito, bawaba nikazichomelea mahali ambapo nyundo haifiki, nikamwambia ni kwa ajili ya wezi. Kila asubuhi nilitia kufuli upande wa nje, nikaweka kiganja juu ya chuma, nikaomba: Bwana, linda nyumba hii, ndoa hii nimeijenga juu yako. Niliomba kwa moyo wote, wanangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuwa mnafiki. Niliamini Mungu analishika kufuli lile pamoja nami.

Moto ulianza saa nne asubuhi kwenye stovu ya mafuta ya taa ya jirani. Kevin ulikuwa shule. Mimi nilikuwa Laini Saba, ufunguo mfukoni. Mzee Adam, yule Mnubi mwenye ploti tuliyopanga, aliupiga mlango kwa jiwe, jiwe likavunjika, akaushika kwa mikono, na ndiyo maana vidole vyake viko vile mnavyovijua. Haukufunguka. Niliutengeneza vizuri. Dirisha lilitosha mtoto tu, na hapo ndipo Sella alipompitisha Trizah, akamwambia Adam, "Mshike kichwa." Baada ya hapo hakusikika tena. Mimi hakunitaja.

Trizah, sasa unajua alichopenda.

Adam aliliokota kufuli majivuni likiwa bado limefungwa, akalitupa chooni kabla ya polisi kufika, akaniambia, "Wangila, mimi sitasema. Utasema wewe." Miaka ishirini na minne tunakutana njiani, ananisalimu, ananingoja. Mjomba wenu Isaac alishuku, akakataa kunipa mkono matangani, nami nikawalea mkimwita mchawi. Nendeni kwake mmwambie alikuwa na haki. Akininyima nafasi kando ya dada yake, nizikeni huku mjini, bila kinyongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kimenikuta.

Kanisani walinifanya mzee, wakaniletea vijana wanaooana niwafundishe kumtumaini Mungu. Mwamini Mungu si mtovu, niliwaambia, wakaitikia amina. Hata nyinyi, Kevin na Mercyline, mwaka jana niliwawekea mikono hii vichwani. Sikuwaambia mikono hii imefanya nini.

Sasa wiki ya tatu nimelala hapa Kawangware nyuma ya pazia lenu. Kila asubuhi Kevin akitoka nasikia chuma kikigonga chuma. Mara ya kwanza nilidhani ni homa. Nikamuuliza Mercyline, akasema, "Baba, amesahau tu kwamba tuko ndani." Amesahau siku kumi na tisa. Nilipokuuliza wewe, mwanangu, ulinijibu, "Mzee, si unajua wezi wa huku." Kevin, sauti ile ilikuwa yangu. Hukufundishwa na mtu. Wateja wa Mercyline wa kusuka nywele wamechoka kubisha, wameacha kuja, na kila mchana napata harufu ya mafuta ya taa kutoka chumba cha pili, na siwezi kusimama.

Usiinamishe kichwa. Nitazame. Huwezi kumkabidhi Mungu mke wako na ufunguo ukabaki kwako. Kumtumaini Mungu si kuwa na hakika kwamba mwenzako hatakosa. Ni kukubali kwamba kuna mahali anafika ambapo wewe huoni, Mungu anaona, nawe ukaridhika. Mimi sikuridhika, nilitaka nione mwenyewe. Na wewe Mercyline, usivumilie kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu hakuliagiza. Akikufungia tena, piga kelele, Trizah ana msumeno wa chuma.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Kevin, toa ufunguo. Si kesho. Mpe mkeo, si mimi. Sawa. Leo ni Jumamosi, wanakwaya wenzake wako mazoezini. Mercyline, jitande leso uende. Usiseme utarudi saa ngapi.

Mungu wa mama yenu, ambaye nilimsingizia, awashike. Awape kulala bila hofu ya mtu mliyelala naye. Trizah, akubariki mikono. Kevin... akuondolee kilicho changu ndani yako. Mbele yenu awe yeye, nyuma yenu awe yeye. Mimi nimechoka.

Hapana, Kevin, usisimame. Muache aende. Nyayo zake zimefika bombani... zinakata kona. Mimi sizisikii tena. Wewe je?

Keti, mwanangu. Keti tu.