Viatu Havivuliwi Tena

Kijiwe chetu kiko kona ya Mji Mpya, hapa Morogoro, kwenye baraza la duka ambalo mwenyewe alihamia Dumila akatuachia kivuli. Benchi ni langu. Nililigonga mwenyewe ili wateja wakae wakisubiri viatu vyao, lakini siku hizi wateja wanasimama na wazembe ndio wanakaa. Naitwa Omari, hapa wananiita Gundi, na ni fundi viatu. Nasema mapema kwamba nina kisirani na kazi yangu: ukiishika na mikono ya kashata nakuondoa barazani bila kujali umri wako. Asubuhi ile ya Alhamisi hakuna aliyethubutu, maana katikati ya benchi, juu ya gazeti, nilikuwa nimeweka jozi ya viatu vyeusi vya Bi Mwanaheri wa Kinole. Saa nne angepita kuvichukua, apande treni ya mchana mpaka Dar, na kutoka Dar apande ndege kwenda Marekani.

Kwa asiyemjua, Bi Mwanaheri ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mdalasini kule mlimani. Wamemwita kwenye mkutano wa watu wa viungo akawaeleze namna ya kumenya gome bila kuua mti. Mluguru anakwenda kuwafundisha Wamarekani kunusa. Mji mzima ulikuwa unatembea kifua mbele. Shida ilikuwa moja. Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu alipougua utotoni, karibu inchi mbili. Wiki mbili nyuma alikuja akaniambia anataka viatu vya safari, akaacha vipimo, akarudi zake Kinole. Hakuongeza neno, na sikuhitaji neno. Nilijua anachotaka. Nikamjengea soli nene ya kushoto, akivaa anasimama wima. Kilichoninyima raha ni uwanja wa ndege. Pale mtu huambiwa avue viatu, na akivua vile, yule mama angepita mbele za watu akiyumba, Morogoro nzima ikiyumba naye.

Aliyeanza ni Hamza, muuza vocha, tunamwita Skrini kwa sababu hatujawahi kuyaona macho yake vizuri. Muda wote yako kwenye simu.

Skrini — Tulieni, nimeipata. Marekani wamefuta. Viatu havivuliwi tena uwanjani. Unapita navyo miguuni.

Mzee Geti — Ndege anapandia wapi?

Skrini — Dar.

Mzee Geti — Basi hiyo sheria yako ataikuta akirudi. Mlango wa kwanza uko kwetu, wa pili uko huko katikati anakobadilisha ndege. Kila mlango una mwenyewe. Mwenye mlango akisema vua, unavua.

Huyu ni mzee Sufiani. Alikaa getini kwenye kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita, na tangu astaafu hajakubali kwamba kuna geti lingine duniani.

Injinia — Mzee, wewe ulikuwa unatafuta vitambaa vilivyofichwa viunoni. Huku ni mitambo. Mimi treni ya SGR nimepanda mara kumi na moja, utaratibu ni ule ule wa ndege. Mkanda, funguo, simu, vyote kwenye mashine. Mara ya kwanza nilivua na viatu. Askari akaniuliza, kaka, unakwenda kuswali?

Skrini — Kwa hiyo hawavui.

Injinia — Treni hawavui. Ndege sijui.

Mzee Geti — Si ulisema utaratibu ni ule ule?

Injinia, jina lake Abuu, anatengeneza redio. Akinaswa hivyo hunywa kahawa. Dadi, muuza kahawa wetu, akamjazia kikombe, akaangalia viatu juu ya gazeti.

Dadi — Kwani mwenyewe amesemaje?

Gundi — Dadi, mimina kahawa.

Akamimina.

Injinia — Hofu yangu si kuvua. Hofu yangu ni hii soli. Angalia unene wake. Mtu wa usalama akiiona hii atasema kuna kitu kimefichwa ndani. Wataipasua.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia ndani ya soli ile kuna tairi tupu, tabaka tano, nimezikata mwenyewe, nimezikwangua moja moja, nimezibandika na kuzishona kwa uzi wa nta kuzunguka pande zote. Hakuna msumari hata mmoja. Mafundi wengine wangepigilia misumari kumi na mbili wakaenda kula. Mimi nilishona siku tatu, vidole vikavimba, ili mama wa watu apite mlangoni na mlango usilie.

Injinia — Tairi la nyuzi au tairi la waya?

Tairi la waya lina vyuma ndani, kila mtu mwenye kandambili za tairi anajua, vinachomoza na kuchoma. Nilikumbuka nilikwenda Msamvu kulichagua, nilikumbuka nililikunja nikaridhika, lakini akiniuliza mtu hivyo mbele za watu nakuwa sina hakika hata ya jina la mama yangu.

Gundi — La nyuzi.

Mzee Geti — Umesema kwa sauti ndogo.

Injinia akachomoa kwenye mfuko wake sumaku ya spika. Akanawa bila kuambiwa. Akaipitisha ubavuni mwa soli taratibu, kisigino mpaka kidole, na sisi wote tukainama. Sumaku ilipita kama mkono unavyopita juu ya meza. Haikuvutwa popote.

Injinia — La nyuzi.

Nilikaa chini. Nikaagiza kahawa ya watu wote, jambo ambalo Dadi alinifanya nilirudie mara mbili.

Skrini — Sasa hapa wanasema kwa nini wamefuta. Mashine mpya zinaona vizuri zaidi.

Injinia — Hiyo ni sababu ya gazetini. Sababu yenyewe ni soksi. Fikiria askari anayekaa pale kutwa nzima, watu elfu moja wanavua viatu mbele ya pua yake. Walianza kuugua. Serikali ikaona bora kununua mashine kuliko kutibu askari.

Skrini — Inawezekana. Na mashine zenyewe zinaona mpaka ulichokula. Ukipita na ugali tumboni wanajua wewe ni wa wapi kabla hujatoa pasipoti.

Mzee Geti — Nyinyi mnashika ya juu juu. Nisikilizeni mimi. Getini sikuwa natazama mfuko, nilitazama mwendo. Mwenye kitambaa kiunoni anatembea tofauti. Nilikuwa nakamata kwa mwendo tu. Sasa hawa wenzetu wamegundua siri hiyo. Wameacha viatu kwa sababu kamera inasoma mwendo. Ikiona mtu mguu mmoja unakwenda hivi na mwingine hivi, taa nyekundu. Anawekwa pembeni.

Hakuna aliyecheka. Mzee akisema uongo huwa anausema kwa sauti ya getini, na sauti ile inamwingia mtu mwilini.

Skrini — Gundi, akivaa hivi anatembea sawa kabisa?

Gundi — Sawa kabisa.

Skrini — Kabisa kabisa?

Gundi — Akienda polepole.

Injinia — Basi aende polepole.

Mzee Geti — Anayekwenda polepole getini ndiye wa kwanza kukamatwa.

Injinia — Aombe kiti cha magurudumu. Ukikaa kwenye kiti huna mwendo. Kamera itasoma nini?

Skrini — Apate barua ya daktari kwa Kiingereza.

Mzee Geti — Avae dira refu lifagie chini, na mkono mmoja abebe kitu kizito. Mtu aliyebeba kila mmoja anajua lazima aelemee upande.

Gundi — Soli haionekani. Nimeshaipaka rangi. Ya kulia nimeiacha na rangi ya tairi lake, hii nene nimeipaka nyeusi, uzi na tabaka zote, ichanganyike na ngozi ya juu. Mtu akitupa jicho haoni urefu.

Nao wakaisifu ile rangi. Nami, nisiseme uongo, nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimeficha tabaka tano mchana kweupe.

Tulikuwa tunapanga abebe nini mkono wa kulia bajaji ilipofunga breki. Akashuka Bi Mwanaheri kwa kandambili, begi moja, na furushi la mdalasini lililonukisha kona nzima. Alikuja akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kama alivyo siku zote, na wote tukaangalia simu ya Skrini.

Mwanaheri — Shikamoo, mzee Sufiani.

Mzee Geti — Marahaba, mwanangu. Mlimani hawajambo?

Mwanaheri — Hawajambo, wanawasalimu. Mvua imetushika tangu alfajiri. Kaka Omari, habari ya kazi?

Gundi — Nzuri. Viatu vyako hivi hapa.

Akakaa, akavivaa, akafunga kamba. Akasimama. Alisimama wima, mabega yakiwa sawa, nikajikuta naangalia pembeni. Miaka thelathini nimeshona, sijawahi kusimamisha mtu namna ile. Akatembea mpaka kwenye nguzo ya umeme akarudi.

Mwanaheri — Vinatembea vyenyewe.

Basi hapo benchi zima likaanza kumwaga ushauri. Skrini akamwambia Marekani viatu havivuliwi tena, ila Dar hatujui. Injinia akamwambia sumaku haikushika na aombe kiti cha magurudumu. Mzee Geti akamweleza kamera ya mwendo, dira refu, na mzigo wa mkono wa kulia. Nami nikamalizia kwa kumhakikishia kwamba hata wakitazama, hawatajua, kazi hiyo nimeimaliza mimi. Alitusikiliza wote bila kumkata mtu, kisha akainua mguu wa kushoto akaugeuza kwenye mwanga.

Mwanaheri — Kaka Omari, mbona hii umeipaka rangi na ile hukuipaka?

Gundi — Ili isionekane.

Mwanaheri — Nini kisionekane?

Nikamtazama Injinia, Injinia akatazama sumaku yake. Skrini alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba ana makengeza kidogo. Mzee Geti, aliyekuwa na jibu la kila mlango, alikuwa anajisafisha goti ambalo halikuwa na vumbi.

Mwanaheri — Nimeuliza tu.

Akaushusha mguu.

Mwanaheri — Mimi niliomba viatu vya safari, kwa sababu kandambili si za kwendea kwa watu. Mguu huu sijawahi kumlalamikia mtu. Kinole hakuna mahali palipo sawa. Nikikatisha mlima, mfupi nauweka upande wa juu, nakwenda na mzigo kichwani. Nyinyi wenye miguu miwili sawa mkija kwetu ndio mnaochechemea. Mmoja wenu tulimshusha mwaka juzi amebebwa.

Huyo ni Injinia. Alikwenda kutengeneza redio ya msikiti.

Mwanaheri — Nivivue mwenyewe, au mnivulie nyinyi?

Alikaa, akavivua mwenyewe, akanipa cha kushoto.

Mwanaheri — Futa hiyo rangi.

Nilichukua kisu na kitambaa cha petroli. Nilikwangua pale pale barazani, watu wakisimama kutazama. Rangi ilipotoka, tabaka zikajitokeza moja baada ya nyingine, zote tano, na uzi wangu ukizizunguka, mweupe, tundu kwa tundu, mistari iliyonyooka. Nilikuwa nimesahau ilivyokuwa nzuri. Nasema nzuri, na mimi si mtu wa kujisifu zaidi ya mara tatu kwa siku. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliitua akasema, hii imeshonwa kwa mkono? Nikamwambia kwa mkono.

Mwanaheri akakipokea, akapitisha kidole kwenye uzi.

Mwanaheri — Hivi ndivyo navitaka. Mlangoni wakiniambia vua, navua. Wasiponiambia, navua. Naviweka kwenye sinia lao kwa ubavu, mshono juu, vipite kwenye mtambo wavitazame mpaka washibe. Na mimi nitapita kwa mguu wangu. Wakiuliza viatu vimetoka wapi, nitasema Morogoro, Mji Mpya, kwenye kona.

Gundi — Kwa Omari.

Mwanaheri — Kwa Omari Gundi.

Akavaa, akafunga kamba, akamwachia kila mmoja kijiti cha mdalasini, Dadi akapewa viwili. Skrini alikuwa amerudi kwenye simu anatafuta kama kuna sheria inayomruhusu mtu kuvua wakati hajaambiwa. Hakuipata. Dadi akainamisha birika kwenye kikombe cha mzee. Likatoa matone mawili, likakauka.

Mzee Geti hakukiangalia kikombe. Alikuwa ameinuka. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akaenda akasimama ukingoni mwa baraza, mahali ambapo kama pangekuwa na geti lingekuwa pale, akanyoosha mkono kuelekea kwenye bajaji.

Mzee Geti — Pita, mwanangu.

Akapita.