Mama Musau na Nafasi Moja Aliyoiacha Wazi Daftarini

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Dianah Katunge Mbaluka, fundi wetu wa kompyuta, anastaafu baada ya kutumikia kiwanda hiki cha sweta kwa miaka thelathini na mmoja, hapa Thika na katika tawi letu la Ruiru. Sisi humwita Mama Musau. Ofisi ilitaka Wamboi aandike haya kwa kuwa amesoma, na ndiye anayerithi hiyo kazi. Nikakataa. Mimi Bedan Kang'ethe niliacha shule darasa la nne, lakini nilikuwa hapa siku Mama Musau alipoingia. Mimi mwenyewe nilistaafu kitambo, wakanirudisha kwa kandarasi kwa sababu mashine namba nne ya kufuma haitaki mkono wa mtu mwingine. Kwa hivyo naandika mimi.

Aliingia mwaka wa 1994, kazi yake kushona vifungo. Mwaka wa 2003 ikaletwa mashine ya kudarizi nembo za shule, pamoja na kompyuta ya kuiongoza. Wengi waliiogopa. Mama Musau akaanza kwenda Juja kila Jumamosi kusoma, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akiitibu.

Kompyuta hiyo bado iko chini ya ngazi. Haiwezi kutupwa, maana mashine ya kudarizi ina plagi pana ya zamani na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Betri ya saa yake ilikufa zamani. Kila asubuhi inaamka ikidhani ni mwaka wa 1980, na programu ya nembo inakataa kufunguka, inasema kibali chake hakijaanza. Mama Musau ameitoa 1980 na kuifikisha leo, kila siku, kabla ya chai ya saa nne. Kule Ruiru kuna programu iliyokataa kuingia mara sita. Vijana walitaka kununua kompyuta nyingine. Yeye akaona jina la folda ni refu kuliko ile kompyuta inavyoweza kusoma. Akalikata, programu ikaingia, akarudi Thika kabla ugali haujapoa.

Jambo ambalo wengi hawakuelewa ni kompyuta kusema faili haipo, na faili unaiona kwa macho yako. Yeye alieleza hivi. Programu haibebi vyombo vyake vyote. Vingine inaviazima kutoka kwa faili za pamoja ambazo mafundi huziita laibrari, na kompyuta ina orodha ya kuiambia itafute wapi kwanza na wapi baadaye. Wakati huo tulikuwa na akina Mutie wawili, mmoja wa boila na mmoja wa lori. "Simama pale getini uite Mutie," alituambia. "Atakuja yule wa kwanza kusikia. Sasa ukimpa wa lori boila, usiniulize mbona maji hayachemki."

Na alikuwa na daftari. Lilifungwa kwa uzi wa sweta kwenye mguu wa meza yake, na kila ukurasa ulikuwa na nafasi nne: siku, shida, dawa, na jina la aliyeleta shida. Hakuogopa mtu. Imeandikwa humo, "Bwana Muriithi, meneja: alichomoa waya achaji simu." Imeandikwa, "Becky wa ofisi: picha za harusi, diski imejaa." Hata yeye yumo: "Katunge: sikuhifadhi kazi. Uzembe."

Nilipewa daftari hilo nitoe historia. Nimelisoma nyumbani Kiganjo wiki tatu, nikifuata mistari kwa kidole. Kila ukurasa una jina, isipokuwa mmoja wa Januari 2012.

Wiki hiyo shule zilikuwa zinafunguliwa. Tulikuwa na sweta mia nne za shule moja hapa mjini, zimefumwa tayari, zinangoja nembo tu. Jumatatu asubuhi programu ya nembo ikakataa kufunguka. Mama Musau alikaa chini ya ile ngazi siku tatu. Watoto wakaingia shule na sweta zisizo na nembo, mwalimu mkuu akapiga simu, na Alhamisi tukaitwa kwa mkutano. Bwana Muriithi akasema kompyuta ni ya Katunge, na kosa ni la Katunge. Kisha akanigeukia mimi kama mkubwa wa mashine, nimeketi kando ya Mama Musau pale mstari wa mbele. "Mzee Bedan, wewe huoni kila kitu hapa? Nani ameigusa?"

Nikasema mambo ya kompyuta mimi siyajui.

Watu wa kiwanda hiki wananijua. Tangu nianze kazi, hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kusema sijui kitu.

Nilikuwa najua. Jumamosi iliyotangulia, Mama Musau akiwa Ruiru, nilichukua sidii yenye programu ya rangi za uzi niliyopewa na muuzaji. Ruiru walikuwa na programu hiyo na walikuwa wanaringa nayo. Mimi sikubali Ruiru itushinde. Niliiweka kwenye ile kompyuta kwa mkono wangu. Iliniuliza maswali mengi kwa Kizungu, na yote nikajibu ndiyo, nikaona nimekuwa fundi. Kumbe programu hiyo ilijiandika mbele kabisa kwenye orodha ya kutafutia, na ilikuja na laibrari yake mpya yenye jina sawa na ile ya zamani. Programu ya nembo ikiita, anakuja Mutie wa lori.

Ijumaa Mama Musau aliipata shida hiyo. Alifuta mstari mmoja kwenye orodha, akaweka ile laibrari ya zamani ndani ya folda ya nembo yenyewe ili isitafutwe mbali tena. Mashine ikalia, tukafanya kazi hadi Jumapili. Halafu akaja kwa namba nne na sidii yangu, niliyokuwa nimeiacha ndani ya ile kompyuta, imefungwa kwa kitambaa. Akaiweka karibu na mkono wangu. "Mzee, hii ni yako. Isikae kwa jua." Akaenda zake.

Barua ya onyo ilikuwa imeshaingia kwa faili yake. Cheo cha mkuu wa mashine Ruiru, ambacho sote tulijua ni chake, kikapewa Eddie, kijana mzuri, ambaye naye akawa anampigia Mama Musau simu kila wiki kumuuliza dawa. Miaka kumi na mitatu amekaa chini ya ngazi. Angeandika jina moja tu kwenye ile nafasi ya nne, barua ingetoka. Aliandika mameneja, akajiandika mwenyewe, mimi akaniacha. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa nikimwona anakuja, nainama kwa mashine kama nina shughuli.

Sasa nafasi hiyo nimeijaza. Nimeandika "Bedan Kang'ethe: sidii ya rangi. Na kunyamaza." Nimetumia wino. Wamboi atalikuta hivyo akilipokea daftari. Bwana Muriithi, nakuomba ile barua uitoe kwa faili kabla ya Ijumaa, na kama ni lazima barua hiyo ibaki kwa faili ya mtu, faili yangu iko pale nyuma ya lango la stoo, itie humo.

Mama Musau, kiwanda kinakushukuru, kuanzia vifungo hadi nembo. Huko Yatta unakorudi nyumbani tunakuombea mvua ya wakati wake, magoti yasiyouma, na simu isiyolia kutoka Ruiru. Ijumaa nitaketi mstari wa mbele, kando yako, mahali palepale. Safari hii wakiniuliza, ninajua.