Majani Nyuma ya Stoo ya Dawa

Kijiwe chetu cha Kilole kiko karibu na reli, na kahawa ni ya Mhina. Asubuhi moja ya mwaka sabini na tano hakuna aliyetaja mpira. Nyuma ya stoo ya zamani ya shamba la mkonge, pale mapipa ya sumu ya magugu yalipovuja na ardhi ikabaki kipara kwa miaka, majani yalikuwa yameota. Uongozi wa kijiji ulitaka tupande mahindi hapo. Isihaka, tunayemwita Redio kwa kupenda habari, alikuwa amemsikiliza mtaalamu wa udongo.

— Anasema udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula ile sumu.

— Vinakula na havifi? Mhina aliuliza, birika mkononi.

— Ndicho chakula chao, ndugu yangu.

Ponsiano, aliyefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ndiyo maana tukamwita Korona, alikataa.

— Mvua hiyo. Imeosha.

— Mvua ya miaka yote ilikuwa inaosha nini?

— Basi vilikuja ndani ya mapipa yenyewe. Mzungu alileta sumu na dawa yake, akatuficha.

— Tuvifuge, Mhina akasema. Kila kijiji cha ujamaa na zizi lake.

— Na sumu ikiisha? Korona akauliza. Vitahamia kwenye mahindi, halafu kwetu!

Tulicheka kidogo tu. Waliobeba mapipa yale tulikuwa tunawajua.

Hapo akatokea Efrazia. Mumewe, Habakuki, ndiye aliyekuwa akiyaosha mapipa, na tangu masika alikuwa kitandani. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Kaa, upate kahawa.

Hakukaa. Alifungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, bado una mizizi ya majani.

— Nimetoka kuuchimba kule stoo. Mtaalamu amesema vinakula sumu. Mwenzangu hali kitu ila uji. Nimtilie kiasi gani?

Mhina akainamia vikombe vyake. Mimi nilitazama ile mizizi.

Korona akasimama, akaweka kikombe chini bila kukimaliza.

— Twende nikamwone, shemeji.

— Na huu udongo?

— Twende kwanza.

Wakaondoka wakifuata reli, Efrazia amelishika pindo kwa mikono miwili. Korona hakurudi kijiweni mpaka tulipomzika Habakuki.